Kabureta Moja Badala ya Mbili

Shemeji yangu alipofariki aliacha gari dogo la kizamani, la Kiingereza, lenye kabureta mbili zilizokaa bega kwa bega. Dada yangu mkubwa, mjane wake, alikuwa ndani akikaa eda. Baada ya arobaini aliniambia, "Usiliuze, mdogo wangu. Liamshe. Nikitoka nataka kulipanda." Katika miezi ile minne na siku kumi sikumsikia akiomba kitu kingine.

Sikusomea ufundi. Injini nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua na kufunga. Nilianza na daftari, kama kawaida yangu, nikaorodhesha kasoro. Ya kwanza ilikuwa mluzi. Gari lile lilipiga mluzi mwembamba kila mguu ulipoachia mafuta, na sababu niliijua: vyuma vinavyobeba vipepeo, vile visahani vya kufungulia hewa ndani ya kabureta, vilikuwa vimelika, hewa ikapenya pembeni. Nikaandika "uondolewe", nikapigia mstari.

Ningeweza kuzichongesha upya kwa fundi wa mashine. Ningeweza kuagiza pacha nyingine kuukuu kutoka Dar, ambazo huenda zimelika vilevile. Au nifunge kabureta moja ya pikapu ya Kijapani, kwa kuchonga kipande cha kuiunganisha na injini. Kwa wiki tatu nilipima matundu na kulinganisha, hadi fundi wa jirani hapa Masoko akachoka kunitazama.

"Bwana mkubwa, unachagua kabureta au mchumba?"

"Mchumba angeshaolewa na kuzaa," mteja wake akadakia.

Nilicheka nao, nikaendelea kupima. Mwisho nilichukua ile ya pikapu. Spea zake zinapatikana hapa hapa, inakula mafuta kidogo, na ikiwa peke yake haihitaji kusawazishwa na mwenzake. Hadi leo sioni kosa katika hesabu hiyo. Zile mbili za zamani niliwapelekea wasubu sufuria wa Lindi, wale wanaoyeyusha vyuma chakavu, maana sipendi vyuma kuzagaa uani.

Gari lilipowaka nililizungusha mtaani, nikarudi polepole hadi chini ya dirisha la dada. Nikaingia ndani. Alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, dada. Umelisikia?"

"Marahaba. Lipi? Nimesikia gari la watu tu."

"Ndilo lenyewe."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Mbona halipigi mluzi?"

Nikamweleza habari ya hewa na vyuma vilivyolika, kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mimi nikiusikia ule mluzi ndiyo natia tui zito," akasema. "Akivua viatu, mchuzi uko tayari. Mashoga zangu walikuwa wakinicheka, eti mume wako anakuita kama mbuzi."

"Sikujua, dada."

"Hukuniuliza."

Nilikuwa nimewauliza mafundi watatu na wauza spea wawili. Kwake nilikaa kila alasiri, hatua kumi kutoka lilipo gari, tukazungumza bei ya korosho.

Asubuhi nilipanda basi la Lindi. Msubu sufuria aliponiona alidhani nimeleta mzigo mwingine. Nikamuuliza zile kabureta.

"Kaka, zile tuliziyeyusha wiki ile ile. Na sufuria zenyewe zimeshauzwa."

Njiani nikirudi nilifikiri hata kutoboa tundu dogo mahali hewa inapoingilia injini. Lingepiga mluzi, lakini ungekuwa mluzi wangu mimi. Nikaliacha wazo hilo.

Siku ya kutoka eda nilimpeleka dada kijijini Miteja, kwa wakwe zake. Alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani. Tulikuwa tumekwisharudi Masoko, tunakaribia kona ya kuingia mtaani kwetu, aliposema kwa sauti ya kawaida tu, "Hapa ndipo lilipokuwa linaanza."

Nikaachia mafuta. Gari likapunguza mwendo, likakata kona kimya, na yeye akageuza uso upande wa dirisha mpaka tulipofika mlangoni.