Mihogo ya Bangwe iliyopotezana na majina yake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande haujakauka Bangwe, na Veneranda Bikorwa amekwishainama kwenye tuta la tisa. Anashika jani la muhogo kwa vidole viwili, analigeuza taratibu, anachungulia mgongo wake. Analiachia. Anashika jingine.

Anatafuta nzi weupe, wadudu wadogo kama chenga za unga, ambao hueneza ugonjwa wa batobato kutoka shina hadi shina. Saa hizi baridi imewalegeza, wametulia chini ya majani. Jua likishapanda wanaruka, na anayewatafuta atabaki kupapasa majani matupu.

"Bwana shamba anafika saa mbili na karatasi zake," anasema bila kuinua kichwa. "Saa mbili nzi wameshaamka. Atahesabu nini? Atahesabu majani."

Veneranda, ambaye wengi humwita Mama Pastory kwa jina la mwanawe wa kwanza, ana umri wa miaka hamsini na minne na ulimi usiojua likizo. Kwa miaka kumi na tisa ametunza shamba hili lenye aina 112 za mihogo, zilizokusanywa kutoka vijiji vya mkoa mzima na nyingine kutoka ng'ambo ya ziwa. Alianza kama kibarua wa palizi. Leo ameajiriwa, analipwa shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi, ile miezi ambayo mshahara unakumbuka njia ya kuja Kigoma.

Mihogo hii haiuzwi sokoni. Watafiti wanaotaka kupata mbegu mpya inayostahimili batobato huja hapa kuchukua vipando, wakachavusha maua ya aina hii kwa aina ile na kuangalia watoto wamerithi nini. Kila aina ina mashina matatu tu, na mbele ya kila aina kuna kibao cha bati chenye namba. Mengine yote yako kwenye daftari la ofisini: imetoka kijiji gani, kikonyo cha jani ni chekundu au kijani, mzizi ukimenywa una rangi gani.

"Mahindi unayatia kwenye chupa, unafunga, unaweka kabatini, unaenda zako msibani ukirudi yapo," anaeleza. "Muhogo hauna chupa. Kila mwaka nikate, nipande tena. Mwaka nikiacha, hakuna kitu."

Mwaka aliomzika mumewe alirudi shambani siku ya nne. Majirani walisema. Yeye anasema mvua ilikuwa imeshaanza, na hakuna aliyejitolea kumkatia vipando.

Basi msomaji anaweza kufikiri jinsi alivyojisikia asubuhi ya tarehe ishirini na saba Desemba mwaka jana, aliporudi kutoka sikukuu ya Krismasi na kukuta aina ishirini na saba, zote za upande wa chini wa shamba, zimeng'olewa.

Ulikuwa mwezi wa maboti. Vita ng'ambo ilikuwa imewamwaga watu ziwani, wakishuka Kigoma na magodoro, mbuzi, vyerehani na watoto. Wengi walipelekwa kambini. Wengine waliokuwa na ndugu Ujiji na Katonga walijibana kwa ndugu zao, nyumba ya watu sita ikalala watu ishirini.

"Nilikaa chini," anasema Veneranda. "Sikulia. Nilikaa tu chini kama mtu aliyefika kituoni basi limeondoka."

Kisha akaona jambo la ajabu. Mizizi ilikuwa imechukuliwa yote, lakini mashina hayakutupwa. Yalikatwa vipande vya shubiri moja, macho yakitazama juu, yakachomekwa ardhini kwa mshazari, umbali wa hatua moja moja, na udongo ukashindiliwa kwa kisigino. Mwizi alikuwa amevuna, kisha akapanda upya kama mwenye shamba.

Ila hakupanda palepale. Vibao vya bati vilisimama mahali pake na namba zake, na nyuma ya kila kibao kulikuwa na kipando chochote. Aina ishirini na saba zilikuwa hai zote, na hakuna hata moja iliyojulikana jina. Kwa watafiti, muhogo usiojulikana ulikotoka ni sawa na mgonjwa aliyeletwa hospitali bila cheti.

Gideon, bwana shamba anayesimamia eneo hilo, alishika kichwa. Ni mtu mpole, mwenye hofu ya maandishi yanayokwenda juu. Alitaka kuandika kwamba aina ishirini na saba zimepotea, upande ule ung'olewe, mambo yaishe. Katika hizo, tisa zilikuwa zimetoka vijiji vya ng'ambo ambako wakati ule hakuna mtu angeweza kwenda kuziomba tena.

"Nilimwambia, bwana Gideon, watoto wamechanganyikana mchezoni, wewe unataka kuwazika," anakumbuka Veneranda. "Nipe mpaka majani yatoke."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikwenda mwaloni Katonga, ufukweni kwa wavuvi. Akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti: "Mimi simtafuti aliyekula. Aliyekula ameshashiba, Mungu ambariki. Namtafuta aliyepanda!"

Wengine walicheka. Akarudi zake.

Siku ya tano, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni alisimama kwenye njia ya shamba, hathubutu kuingia. Jina lake Elida Asukulu, mkulima kutoka upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, wakati huo akiwa na miaka thelathini na moja.

"Shikamoo, mama. Ni miye niliyepanda," alisema.

"Marahaba. Ni wewe uliyekula pia?"

"Ni miye."

Veneranda anasimulia hili akitabasamu, lakini anakiri kwamba siku ile mkono ulimwasha. Kilichomzuia ni kwamba Elida alikuwa ameshapita pembeni yake, amechuchumaa, anainua kipando kilichoegemea vibaya.

"Batoto walilia njala siku tatu, mama," Elida anasema leo, akiulizwa. "Tulikuja bibi watatu, na miye na mashemeji, mara mbili. Lakini muti ya muhogo hauachwi chini ikauke. Kwetu hapana. Ukikula, unarudisha."

Alichokieleza siku ile ndicho kilichookoa kazi. Hakuwa amepanda ovyo. Kabla ya kuchomeka kila shina alikuwa ameonja mzizi wake kwa ncha ya ulimi. Michungu, ile inayohitaji kuvundikwa kabla ya kuliwa, aliipanda upande wa ziwa. Mitamu aliipanda upande wa njia wanakopita watoto, maana watoto huchimba na kutafuna bila kuuliza. Na ndani ya kila upande alifuata wingi wa unga: wenye unga mwingi mwanzo, wenye maji mwisho.

Miaka yote kumi na tisa, daftari la ofisini lilikuwa na rangi ya kikonyo na urefu wa jani. Utamu na uchungu havikuwa na safu yake, viliandikwa hapa na pale kwenye maelezo ya pembeni. Gideon aliposikia alikwenda kulichukua, akapiga mstari kwa rula, akaongeza safu.

Tangu Januari, Elida amekuwa akija mara mbili kwa juma. Veneranda humlipa kwa mihogo ya mipakani mwa shamba na kisamvu, ambacho Elida hukiita sombe, jambo ambalo limeleta ubishi usiokwisha juu ya nani anajua kukipika. Majani yalipotoka walilinganisha: Elida akitaja alichokumbuka mkononi na ulimini, Gideon akisoma daftari, Veneranda akiamua. Kufikia Oktoba aina ishirini na tano zilikuwa zimerudi kwenye vibao vyake.

Zimebaki mbili, na muda umekwisha. Agizo limetoka kwamba wakimbizi wanaoishi mitaani wahamie kambini Lugufu. Lori la akina Elida linaondoka keshokutwa, Alhamisi.

Ndiyo maana leo Jumanne wanachimba. Majani yamesema yote yaliyoweza kusema, sasa ni zamu ya mizizi.

Gideon anafika saa mbili kasoro, daftari kwapani. Veneranda anamtazama, anamtazama na mwandishi wa makala haya, kama mtu aliyetabiri. Elida yupo tayari, mikono ina udongo.

Shina la kwanza linatoka kwa shida. Elida anakwangua ganda kwa ukucha, ndani kuna rangi ya waridi. Gideon anapekua. "Waridi, ndani nyeupe, chungu... Namba sabini na nne. Kijiji cha Kalinzi."

"Ego!" anaitikia Veneranda kwa Kiha. Ndiyo. Anapeleka kibao mwenyewe, anakipiga kwa jiwe.

Shina la pili ni la njano, na mzizi wake umepinda. Namba themanini. Gideon anafunga daftari, anavua miwani, anaifuta. Ishirini na saba kati ya ishirini na saba. Veneranda anapiga kigelegele kimoja kinachowarusha kunguru kwenye paa la stoo.

Gideon ndiye anayeona. Mwisho wa upande wa njia yamebaki mashina manne, membamba, mekundu. Vibao vimekwisha, mihogo haijaisha.

Anahesabu upya. Anauliza kama kuna aina iliyogawanyika. Veneranda anasema hapana, kisha anakiri kwamba siku ile ya Desemba alihesabu vipando themanini na vitano mahali ambapo palipaswa kuwa na themanini na kimoja, akadhani ni macho ya majonzi.

"Kisichokuwa kwenye daftari hakikai shambani," anasema Gideon. Si kwa ukali. Ndivyo kanuni ilivyo, mgeni asiyejulikana anaweza kuleta ugonjwa. "Mama Pastory, yang'oe."

Veneranda anashika shina la kwanza. Mkono mwingine unalishika chini ya wake.

"Hiyi hapana," anasema Elida.

Anasema polepole, akiangalia udongo. Siku walipokimbia, mama mkwe wake, Wabiwa, alikataa kupanda boti. Miguu ilikuwa imemvimba, na alisema hawezi kwenda kufa kwa watu. Alikata shina la muhogo wake, ule aliokuja nao alipoolewa, akalifunga kwenye kitambaa, akampa. Elida alivuka nalo limelazwa chini ya mtoto. Alipofika Katonga hakuwa na ardhi hata ya kuchomeka kijiti. Lilikuwa limeanza kunyauka.

"Nilipokuja huku kuiba nilikuja nayo," anasema. "Niliona hapa bantu wanatunza muhogo. Nikasema, itapona hapa. Nikakata vipande bine, nikapanda mwisho. Nilificha, bwana. Niliogopa mukijua mutaitupa."

Machozi yanamtoka, anayafuta kwa mgongo wa mkono wenye udongo. Veneranda naye analia, waziwazi, bila kujificha, na kumkemea papo hapo: "Miezi kumi na moja, we mwana! Miezi kumi na moja tunakula pamoja hujasema!"

Gideon amepiga goti. Anageuza jani la shina jekundu, anachungulia, anageuza jingine. Mihogo iliyo jirani nayo ina majani yaliyojikunja na mabaka ya njano. Haya manne ni kijani kitupu.

"Mwaka mmoja si ushahidi," anasema, zaidi kwa nafsi yake. Lakini anasimama, anaagiza yahamishiwe kitalu cha peke yake upande wa juu wa stoo, mbali na mengine, mpaka watafiti wayaone. Kisha anafungua daftari, ukurasa mpya. Namba 113. Jina: Muhogo wa Wabiwa. Aliyetoa: Elida Asukulu.

Veneranda hajamaliza. Anataka Elida aondoke na vipando vya muhogo wake, na vya zile aina ishirini na saba pia, kimoja kimoja.

"Mama Pastory, vipando hutolewa kwa watafiti," Gideon anajaribu. "Wakubwa wataniuliza."

"Waambie ni akiba. Desemba ulipokuwa umeshika kichwa, ulikuwa na akiba wapi?"

Bwana shamba anainamia mashina. Wanachagua yenye majani safi, na mahali pa majani yenye mabaka wanakata kutoka shina la pili au la tatu. Bila barua, askari wa geti la kambi wataviona ni kuni au ni mali ya wizi, kwa hiyo Gideon analeta fomu ya ofisi, analainisha karatasi juu ya goti. Kwenye mstari ulioandikwa *Mtafiti anayepokea* kalamu inasita kidogo. Anaandika jina la Elida, anapiga muhuri.

Saa tano Elida anaondoka kuelekea Katonga kufunga mizigo, furushi la vijiti kichwani. Veneranda anamtazama mpaka anapopotelea nyuma ya nyumba za mwisho, kisha anarudi kwenye tuta lake, ingawa nzi wameshaamka zamani.

Akiulizwa anatarajia nini, anasema amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na atakapostaafu atapanda gari kwenda Lugufu na panga lake kuangalia kama vipando vimekatwa shubiri moja au vimekatwa kivivu. Anajua vilevile kwamba batobato haina huruma, na kwamba ipo siku shamba hili litaamka na nusu yake.

"Siku hiyo nitakwenda kwa Elida," anasema. "Nitapiga hodi, nitamwomba, na atanipa."

Anainama, anageuza jani.

"Mimi nina wa kumwomba. Yeye alipofika hapa hakuwa na mtu."