Kadi Niliyoilipa Kabla ya Kudaiwa

Nilifilisika. Kwa miaka sita nimelikanusha jambo hilo kanisani, saluni, hata kwa daktari wa meno ambaye hakuwa ameniuliza. Maelezo yangu rasmi yalikuwa kwamba nimehamia kwa mdogo wangu hapa mtaa wa Berea, Afrika Kusini, ili nimsaidie kulea watoto. Watoto wenyewe wana miaka kumi na tisa na ishirini na mbili, na mkubwa ana ndevu.

Ukweli ni kwamba nilifungua duka la vitabu vya Kiswahili na Kifaransa katikati ya jiji, kati ya saluni mbili na duka la simu. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonionya. Watu waliingia kwa wingi, kuuliza bei ya kusuka. Mahakama ikanitangaza muflisi, nami nikahamia kwenye kochi la mdogo wangu, lenye springi moja iliyonichukia mimi binafsi.

Mwaka jana, jina langu lilipokwisha kusafishwa, nilitaka kitu kimoja tu: chumba changu mwenyewe. Kilikuwepo, mtaa wa pili, na mwanafunzi aliyekipanga alikuwa anamaliza masomo mwisho wa mwaka. Lakini wakala wa nyumba alitaka kwanza ushahidi kwamba mtu fulani ananikopesha na mimi ninalipa. Akanishauri nichukue kadi ya mkopo yenye dhamana: unaweka benki randi elfu tatu, wanazifungia, kisha wanakuruhusu kukopa hadi elfu tatu.

"Yaya, ngoja kwanza," akasema mdogo wangu, ambaye bado huniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, mwiko wa kusongea fufu mkononi. "Benki inakukopesha feza yako wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na iko riba?"

"Nikichelewa."

"Eish! Na ni wewe ulisoma."

Niliapa sitachelewa. Katika likelemba, mchango wetu wa zamu akina mama, mtu wa heshima hupeleka pesa yake kabla mwekahazina hajafungua daftari. Basi kila tarehe mosi niliitumia benki randi mia tano, halafu ndipo nikaenda dukani na kadi, nikanunua sabuni na mafuta ya mia tano kamili. Sikuzidisha hata senti. Nusu mwaka nzima nilijiona mteja bora wa Afrika Kusini, na nikawa nikiwatazama watu wengine kwenye foleni kwa huruma kidogo.

Wakala akafungua rekodi yangu. "Hapa hakuna kitu, Mama. Ni kama umezaliwa jana. Una miezi mitatu, la sivyo chumba nampa mwingine."

Nikaipigia benki kwa ukali. Msichana aliyepokea alinisikiliza kwa upole wa muuguzi.

"Mama, unalipa kabla ya kununua. Hujawahi kudaiwa."

"Si ndiyo sifa yangu?"

"Siwezi kuandika kwamba unalipa deni lako vizuri wakati huna deni. Nunua, ngoja bili, halafu ulipe."

"Ningoje nidaiwe? Kwa makusudi?"

"Tafadhali, Mama."

Nilinunua mchele, samaki na taulo, nikarudi nyumbani kwa kunyata kama mwizi. Wiki tatu za kungoja bili zilinikondesha. Nilikuwa naingia chooni na simu ili nilipe kwa siri, na mdogo wangu anagonga mlango: "Yaya, weka simu chini! Bado! Udaiwe kwanza!" Yule mwenye ndevu akapewa kazi ya kuficha simu yangu. Bili ilipokuja, tuliisoma wote wanne kwa sauti, kisha nikalipa dakika hiyo hiyo, jasho linanitoka. Tukafanya hivyo mara tatu.

Wakala alipiga simu Jumanne, tukiwa mezani. Niliweka sauti ya juu wote wasikie.

"Mama, nimeona rekodi mpya. Mwezi uliopita ulidaiwa randi mia nne na kumi."

"Nililipa!" nikapayuka. "Nililipa siku ile ile!"

"Najua. Umedaiwa, umelipa, mara tatu. Chumba ni chako, njoo utie saini."

Mdogo wangu alininyang'anya simu.

"Baba, samahani. Anahama siku gani?"

"Jumamosi."

"Ijumaa haiwezekani?"