Barua ya Mwisho kwenye Foleni

Kama kuna mtu Geita mjini aliyestahili kuondoka mwaka ule wa tisini na tisa, ni Bhoke. Nasema hivi bila kupepesa macho. Alikuja kutoka Tarime akiwa mpiga chapa, akaajiriwa kwenye duka la vifaa vya ofisi la Mzee Mohsin, na kompyuta zilipoingia akaachiwa yeye kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa. Alijifunza kwa kitabu kilichochanika jalada. Baada ya miezi minne kompyuta nne zilikuwa zimeunganishwa kwa waya alioupitisha darini kwa mikono yake mwenyewe, na zote ziliingia kwenye intaneti kwa njia moja: kompyuta ya kwanza, yenye modemu, iliyochomekwa kwenye simu pekee ya duka.

Modemu ikiwa kazini, simu haipigi wala haipokei. Ukitaka kupiga simu unachomoa waya, na kompyuta zote nne zinakatika. Kwa hiyo walijiunga kupitia Mwanza mara mbili tu kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Katikati ya hapo watu waliandika barua pepe zao, zikangoja foleni kwenye kompyuta ya kwanza, na Bhoke ndiye aliyezipanga. Za wateja mbele, yake nyuma. Hakuna aliyempa sheria hiyo, aliitunga mwenyewe. Kinyozi hajinyoi.

Duka lilikuwa na desturi nyingine, tangu enzi za baba yake Mzee Mohsin: simu ya msiba haikataliwi na hailipiwi. Mji mzima uliijua, hadi wachimbaji wa dhahabu kule maduarani, ambako mashimo hufukia watu kila msimu wa mvua.

Basi Ijumaa moja ya Novemba, baada ya siku mbili za simu kukosa mlio kwa sababu ya mvua, barua zikaingia kwa mkupuo asubuhi. Bhoke alikuwa ameshachomoa waya alipokuta yake. Ilitoka chuoni Dar es Salaam: mafunzo ya kompyuta ya mwaka mzima, ada na malazi juu yao. Alikuwa ameomba mara tatu. Sasa wamemkubali, ila athibitishe kwa barua pepe kabla ya saa kumi jioni siku hiyo hiyo, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Angeweza kuomba wajiunge tena palepale. Alisita hadi mchana, kisha akaenda mlangoni kwa Mzee Mohsin, akamkuta anavaa kofia aende msikitini.

"Unasemaje, Bhoke?"

"Nilitaka kujua kama zile karatasi zimefika, Mzee."

Karatasi! Hata leo nikikumbuka nakasirika.

Saa tisa akajiunga. Barua kumi na nne mbele, yake ya kumi na tano. Ya tatu ilikuwa ya mnunuzi wa dhahabu, ina picha ndani, nayo ikaziba njia nusu saa nzima. Bhoke alikaa akiuma kucha. Picha ilipopita, nyingine zikaanza kutoka haraka haraka, zikabaki mbili na yake. Hapo ndipo alipoingia Mama Kudra, muuza uji wa maduarani, matope hadi magotini.

"Shikamoo, Mama Kudra."

"Baba Kudra wamemtoa shimoni," alisema. "Wamemtoa ameshakufa. Nipigie Ushirombo, mwanangu, pale misheni, wamwambie kaka yake awahi lori la jioni. Kesho tunazika."

Bhoke alitazama saa ya ukutani. Dakika tano zingetosha, pengine tatu. Alifungua mdomo aseme "kaa kidogo, mama," akaona zile nyayo za matope sakafuni. Akachomoa waya.

Ushirombo haikupatikana. Alipiga, akakata, akapiga tena, huku mama wa watu amesimama kando yake ameshika kanga mdomoni. Misheni walipokea saa kumi na dakika ishirini. Mama Kudra alipomaliza kusema alimshika Bhoke mikono yote miwili. "Wabeja, mwanangu. Mungu akulipe."

Barua yake ilitoka saa kumi na moja kasorobo.

Jibu lilikuja Jumatatu asubuhi, mistari miwili: nafasi ameshapewa mwingine, na mwaka unaofuata hakutakuwa na ufadhili. Mzee Mohsin alimwona macho yamevimba, akauliza, akaelezwa yote.

"Ah, Bhoke! Si ungeniambia? Ungeitanguliza yako, nani angekukataza?"

Hakuna. Hilo ndilo lililomvunja. Angekuwapo wa kumlaumu, angalau angepata pa kutupia uchungu wake. Alikwenda stoo, akakaa juu ya maboksi, akalia mpaka akaishiwa. Tenda wema uende zako, wanasema. Bhoke aliutenda, ila pa kwenda ndipo hapakuwepo tena.

Saa tisa alasiri alirudi kwenye kompyuta ya kwanza, akazipanga barua za watu. Zilikuwa kumi na moja. Siku hiyo hakuwa na yake ya kuweka mwisho.