Rambirambi Yenye Picha

Kiwalani watu husoma gazeti wamesimama. Pale kituoni, kwenye ubao wa Fakihi, magazeti yanabanwa kwa vibanio vya nguo, na wasomaji wanajipanga mbele yake mikono nyuma. Wanasoma kichwa cha habari na kile kimstari cha chini yake, kisha wanaanza kubishana kama watu waliomaliza kurasa zote. Anayenunua ni mmoja katika kundi zima, na mara nyingi huyo ni mgeni. Ndivyo tulivyo, na sijui tutaacha lini.

Asubuhi hiyo Mwanaheri alipopita na beseni lake la vitumbua, ubishi ulikatika ghafla. Akajua kuna jambo, maana watu wa pale hawanyamazi kwa heri. Akatupa jicho ubaoni. GRUPU LA MISIBA LAGEUZWA TAWI LA CHAMA. Chini yake kulikuwa na picha ya simu, na kwenye hiyo simu jina lake: Admini Mwanaheri. Hakuuza hata kitumbua kimoja, aligeuza akarudi nyumbani.

Ili umwelewe, ujue kwanza grupu lile lilitoka wapi. Mumewe alifariki wakati wa masika makubwa, taarifa haikuwafikia watu, na waliokuja kuzika walihesabika. Vichochoro vya kule gari haliingii, jeneza lazima libebwe mabegani hadi barabarani, na wabebaji wanapokezana njia nzima. Siku ile hapakuwa na wa kupokezana. Wanaume wakachoka, wakalitua jeneza kwenye tope, wakapumua, wakalinyanyua tena. Mwanaheri aliyaona hayo kwa macho yake, kutoka dirishani. Alipotoka eda akaanzisha grupu la WhatsApp, akaliita Tuzikane, Waislamu na Wakristo humohumo. Sharti lilikuwa moja: humu ni misiba tu. Biashara, vichekesho na siasa zitafutiwe pa kwenda. Tangu hapo, mtaani kwake jeneza halikutuliwa tena njiani.

Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Khalfani, mdogo wake Mwanaheri wa tumbo moja, akachukua fomu ya uenyekiti wa mtaa. Upande wa pili akasimama Mwalimu Tusajigwe, Mnyakyusa aliyeishi pale miaka mingi na kufundisha nusu ya watoto wa mtaa. Khalfani si mjinga. Ukitokea msiba, anatuma rambirambi: poleni wafiwa, Mungu ampumzishe marehemu. Chini yake anabandika picha yake mwenyewe, kofia ya chama kichwani, ngumi juu, na maneno ya kuombea kura. Jamani, hata maiti anaombwa kura!

Mwanaheri aliiona. Akajiambia pole ya mtu haifutwi, nani atafuta rambirambi mbele ya wafiwa? Siku chache baadaye mwalimu naye akatuma ya kwake, pole na picha vilevile. Hiyo akaifuta. Mwalimu alipouliza sababu, akamtoa kwenye grupu kabisa, akajipa moyo kwamba yule bwana ndiye aliyeanza ubishi. Damu nzito kuliko maji, na usiku alilala usingizi wake vizuri.

Mwalimu hakulala. Akazipeleka picha za jumbe zile, zilizopigwa kwenye simu yake, kwa Brightson, mwandishi aliyekuwa akiandika habari za mitandao na siasa wakati wa kampeni. Brightson alimpigia Mwanaheri simu mara moja, mafuta yakiwa yanachemka jikoni, Mwanaheri akakata. Gazeti likaandika kuwa admini hakupatikana kuzungumza. Redio zikalisoma gazeti asubuhi, waliosikia redio wakaandika mtandaoni, na kufika mchana habari ilikuwa inazunguka bila kuhitaji tena mtu wa Kiwalani kuthibitisha chochote.

Na grupu likaanza kuvuja. Fulani amejitoa. Fulani amejitoa. Jioni watu wa mwalimu walikuwa wameshafungua la kwao. Waliobaki wakafanya jambo baya zaidi: wakashangilia. Mmoja akaandika kwamba sasa limekuwa safi. Mwanaheri aliisoma sentensi hiyo akaliona lile tope.

Siku ya pili yake bintiye Salma akaja kutoka dukani, akakaa kitako bila kuvua kanga. Bibi Bernadeta amefariki, akasema. Mama yake Mwalimu Tusajigwe.

Hakuna msiba wa mtaa ule aliokosekana bibi yule. Alikuja na kigoda chake kidogo mkononi, Mkristo wa watu, akakaa na wanawake wa Kiislamu mpaka hitima ikaisha, akaosha vyombo na kuondoka bila kuaga ili asiwasumbue wafiwa. Kwenye msiba wa mumewe Mwanaheri, bibi huyo ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kufika, maji yakimfika magotini.

Mwanaheri akaandika tanzia kwenye grupu. Majibu yakaja. Mmoja akasema huo ni msiba wa kwao, wazikane kwenye grupu lao. Mwingine akaweka kikatuni kinachocheka. Wengi hawakujibu kitu. Alikasirika mpaka akaona kizunguzungu, halafu akakumbuka ni nani aliyewafundisha kwamba kuna wa kwao na wa kwetu, na hasira ikamgeukia mwenyewe. Aliogopa. Watu wa mwalimu walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa vijana wa kampeni waliotoka mitaa ya mbali.

Asubuhi ya mazishi simu ikaita. Ilikuwa redio moja ya mjini. Kipindi chao kilikuwa kinajadili mitandao ya kijamii inavyoegemea upande, Brightson yuko studio tayari, na wao wanataka kusikia na upande wa mama ili mizani ikae sawa. Wangempigia tena baada ya matangazo.

Kabla hawajapiga, Khalfani aliingia mlangoni. Alikuwa amesikia redioni kwamba dada yake atazungumza. Akamwambia akanushe, aseme zile picha zimetengenezwa na wahuni, nani atajua? Mwanaheri akamjibu kwamba yeye anajua.

"Dada, ukikubali hewani umenizika mie," Khalfani akasema.

Simu ikaita. Akaipokea mbele yake.

Mtangazaji alikuwa na haraka. Akamsalimia shikamoo, akamtambulisha kwa wasikilizaji, akamuuliza bila kuzunguka kama grupu lake ni la chama au si la chama. Kwa kinyozi, kwa Fakihi, kwenye maduka ya mtaa mzima, watu waliongeza sauti.

"Marahaba," Mwanaheri akasema. "Rambirambi ya mdogo wangu niliiacha, ya mwalimu nikaifuta, na zilikuwa sawasawa. Nilipendelea. Hilo nimelijibu. Sasa natoa taarifa ya msiba."

Mtangazaji akacheka kidogo, akajaribu kumrudisha kwenye mada. Brightson naye akaanza kuuliza kama kuna kiongozi aliyemwagiza. Mwanaheri aliendelea juu ya sauti zao.

"Bibi Bernadeta, mama yake Mwalimu Tusajigwe, anazikwa leo saa tisa. Kila mliyemzika hapa Kiwalani, yeye alikuwepo. Mwenye chama akivue mlangoni, aingie kuzika."

Wakamkata, wakaweka wimbo. Alipoinua macho Khalfani alikuwa ameshatoka. Haikupita nusu saa, simu ikalia: rambirambi kwenye grupu, kutoka kwa Khalfani, kwa familia ya mwalimu, na chini yake kofia ile ile na ngumi ile ile. Sijui ni ukaidi au ni mazoea, mtu akishaonja siasa hata hajui anapokosea. Mwanaheri akaifuta. Khalfani akapiga papo hapo, anataka kujua tangu lini dada yake anafuta pole ya mtu.

"Nimefuta picha," akamwambia. "Pole ilete kwa miguu."

Saa nane alikuwa msibani. Viti vilivyokodiwa vilikuwa vingi kuliko watu. Vijana wa kampeni wachache, majirani wawili watatu, mchungaji anaangalia saa. Kigoda cha marehemu kilikuwa kimewekwa ukutani. Mwalimu alimwona Mwanaheri, akamwendea, na watu wakatega masikio.

"Mama Salma," akasema taratibu, "tangu unitoe, mama alikuwa ananiulizaga kila siku, leo kuna msiba kwa nani. Rafiki yake wa kule kwa mama Zuhura amezikwa, hakujua mpaka naye anakufa."

Mwanaheri akasema tu, nisamehe mwalimu, akaenda kukaa kwenye mkeka na wanawake, machozi yanamtoka na wala hakuyafuta.

Saa tisa ikakaribia. Akawa anatazama kichochoro. Akaja Fakihi, ubao wake ameufunga. Akaja kinyozi na wateja wake, mmoja kanyolewa upande. Wakaja walioandika kwamba ni msiba wa kwao, macho chini, hawataki kuulizwa. Kichochoro kikajaa, na jeneza lilipotoka mlangoni mabega yalikuwa mengi kuliko nafasi. Mwanaheri alisimama kwenye kona akalifuata kwa macho hatua kwa hatua. Pale kwenye mtaro, mahali walipolitua la mumewe, mtu mmoja alijipenyeza akaingiza bega chini yake. Alikuwa Khalfani, kichwa wazi. Hakumtazama dada yake, na mpaka leo mazungumzo yao ni ya salamu tu. Lakini jeneza halikutuliwa. Lilifika barabarani juu juu.

Jioni ile Mwanaheri akamrudisha mwalimu kwenye grupu, akampa na uadmini.

Asubuhi akabeba beseni lake, Salma nyuma yake. Kwa Fakihi wasomaji walikuwa wamejipanga kama kawaida, mikono nyuma. ADMINI AKIRI KUBEBA CHAMA. Ubishi ulikuwa umepamba moto: amelipwa, hajalipwa, ametumwa. Walikuwa watu walewale, wengine bado wana udongo wa makaburini kwenye viatu. Salma akapandwa na hasira, akasema gazeti hili lishtakiwe.

Mwanaheri akatua beseni. Akanunua nakala moja, Fakihi akashangaa, akaisoma yote palepale, ukurasa wa kwanza hadi wa michezo. Kisha akaikunja.

"Walichoandika ni kweli, mwanangu," akasema. "Ila wamemwacha marehemu."

Mwanaheri akajitwika beseni lake, akaenda zake kuuza.