Foleni Isiyo na Msimamizi

Kabla hajamiliki duara, Theopista Agapiti alilipwa kwa kupiga mifuko mateke.

Kwenye karasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu, mchimbaji hasimami kwenye foleni. Anaweka mfuko wake wa mawe kwenye mstari, anakwenda kunywa chai, na mfuko unamshikia nafasi. Utaratibu huu hufanya kazi vizuri mpaka siku mtu anapogundua kwamba mfuko wa mchanga unashika nafasi sawasawa na mfuko wa mawe. Hapo mjanja hujaza mchanga kwenye mifuko kadhaa, akaipanga alfajiri, na baadaye akawauzia nafasi wenye haraka. Theopista alikuwa msimamizi wa mstari. Alipita akipiga kila mfuko teke. Mawe yanauma, mchanga unabonyea. Mfuko uliobonyea aliuburuta nje, akaumwaga mbele ya watu, na kuuliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye vibanda vya chipsi: "Aliyetuletea mchanga, anadhani sisi hatuna wa kwetu?"

Mchezo huo ulikoma siku zote alizokuwa zamu.

Machimbo ya Bondeni yako upande wa Bulyanhulu, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kakola. Theopista alifika hapo akitokea kijiji kimoja cha Ushirombo, binti yake Nelly akiwa mgongoni, baada ya mumewe kwenda Nkome kununua dagaa na kuamua kubaki huko. Alianza kwa kuponda mawe kwa nyundo. Kisha akapewa usimamizi wa karasha, ambako sehemu ya malipo yake ilikuwa mifuko ya mawe, na kwa dhahabu ya mifuko hiyo akanunua hisa kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji. Wenzake watatu wenye hisa waliondoka mmoja baada ya mwingine, wote kwa sababu ileile: maji. Bondeni ni bondeni kweli. Mvua ya masika inayonyesha kwenye mpunga wa watu huishia kwenye maduara ya wengine.

Yeye alibaki kwa kuwa aliuona mkanda wa mawe ya dhahabu kwa macho yake, ukiwa umelala upande wa mashariki wa shimo, mweusi wenye michirizi. Ili kuufikia ilibidi ajenge upya matimba, zile nguzo za miti zinazozuia kuta zisianguke. Alijenga kwa misimu miwili. Watu wa Bondeni waliomjua waliacha kumwita Mama Nelly wa karasha, wakaanza kumwita Mama Nelly wa duara, na yeye aliisikia tofauti hiyo kila ilipotamkwa.

Akiba yake haikuwa benki wala kwenye simu ya kawaida. Ilikuwa kwenye dola za mtandaoni, zinazohifadhiwa kwenye mtandao wa kompyuta uitwao blokucheni, na mwenye nazo huzifungua kwa maneno ya siri. Wazo lilitoka kwa Abel, mume wa Nelly, aliyewahi kuuza simu Mwanza. Theopista aliuza dhahabu yake soko la madini kwa shilingi. Shilingi hizo zikabadilishwa na kijana wa Kahama aitwaye Eliya, ambaye kazi yake ni kununua na kuuza dola hizo. Sababu iliyomvutia Theopista haikuwa teknolojia. Ni kwamba ndugu wa Ushirombo wanaweza kukuomba uwaonyeshe salio la simu, lakini hakuna shangazi aliyewahi kuomba aonyeshwe pochi ya blokucheni.

Simu yenye pochi hiyo aliishika Abel, na hapo pana jambo la kueleza. Katika familia ya Theopista, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Abel hamtazami usoni. Hampi kitu mkono kwa mkono. Hakai anapokaa yeye, na hambishii. Wakiwa na la kuambiana, Nelly husimama katikati, na maneno hupita kwake hata kama watatu hao wako hatua chache tu na kila mmoja amesikia.

Asubuhi ambayo pampu yake iliungua, mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake.

Pampu mpya ilikuwepo Kahama, kwenye duka lililo jirani na kibanda cha Eliya. Duka halikopeshi, na mteja mwingine wa Geita alikuwa ameshaiulizia. Mpango ulikuwa mwepesi: Abel amtumie Eliya dola, Eliya alilipe duka shilingi, pampu ipakiwe kwenye gari la mizigo na mchana iwe Bondeni. Kwa jirani hapakuwa na cha kuazima, maana siku hiyo kila mwenye duara alikuwa na maji yake. Samwel, wa duara la pili, alileta pampu yake ndogo kwa muda, akaomba radhi, akairudisha kwake. Wachimbaji wa Theopista wakaanza kuvuta maji kwa ndoo.

Abel alituma. Kwenye kioo likatokea neno moja: *Inasubiri*.

"Muulize mumeo, zimefika?" Theopista alimwambia Nelly.

"Mwambie mama bado, mtandao umejaa," alisema Abel, akitazama viatu vyake.

Samwel alisikia neno mtandao, akadhani anajua dawa, akamgeukia Theopista. "Mayu, huku chini hakuna mtandao. Panda juu ya kifusi pale, mimi huwa napata mpaka video."

Nelly alipanda juu ya lundo la kifusi na kuinyanyua simu. Minara ya mawasiliano kwenye kioo ilionekana yote. Neno halikubadilika.

"Basi mpe laini yangu," alisema Samwel.

"Siyo laini, baba," alisema Abel.

"Kama siyo laini na siyo mnara, huo mtandao uko wapi?"

Abel aliipokea simu kutoka kwa Nelly.

Theopista alisubiri kadiri anavyoweza kusubiri mtu aliyezoea kuondoa mifuko mbele yake. Kisha akasema, "Mwambie atume tena."

Nelly alimgeukia mumewe. Abel alivitazama viatu vilevile, halafu akatuma tena. Sasa maneno yakawa mawili, moja chini ya jingine: *Inasubiri. Inasubiri.*

Eliya alipiga mwenyewe kutoka Kahama, na Nelly akaweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, Mama Nelly. Pole na maji."

"Marahaba. Pampu iko wapi?"

"Naiona hapa, mama. Lakini hela yako haijanifikia. Leo mtandao wa zile dola umeziba dunia nzima. Kuna kampuni imetangaza itagawa sarafu za bure kwa wanaotuma sana. Basi watu wamewasha programu za kompyuta, zinajitumia zenyewe. Zinatoa mfuko wa kushoto, zinatia wa kulia, usiku na mchana, mamilioni."

"Zinatuma shilingi ngapi?"

"Sifuri, mama. Nyingi ni sifuri. Hazina kitu ndani. Zinajaza foleni tu."

Theopista aliitazama simu kama anavyotazamwa mtu aliyekamatwa. "Mchanga," alisema.

"Sijakusikia?"

"Nimesema ni mifuko ya mchanga. Msimamizi wa huo mstari ni nani? Nipe namba yake."

Eliya alicheka, kisha akagundua kwamba hakuna mwenzake wa kucheka. "Hakuna msimamizi, mama. Hata ofisi hauna. Watu wanaupendea hilohilo, kwamba hakuna mkubwa wa kukuzuia."

"Na hakuna wa kumzuia mwenye mchanga."

"Kuna ada. Anayelipa ada kubwa anapita mbele. Ninyi mmetuma kwa ada ya siku za kawaida. Nitakurushia kidogo ya kulipia ada, na yangu nitaipitisha kwa ada kubwa. Abel atume kwa ada ya juu, mambo yaishe."

"Wabeja, mwanangu," alishukuru Theopista. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikaa, kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Ada ya Eliya ilifika. Abel alituma mara ya tatu, sasa kwa bei ya juu kuliko zote alizowahi kulipa. Wote watatu walikitazama kioo, Abel kwa mbali, Nelly akiwa ameishika simu, Theopista akiwa amenyoosha shingo. Likatokea neno la tatu chini ya mawili ya kwanza.

Eliya alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Abel, mmetuma mara ngapi?"

Nelly ndiye aliyesema, "Mara tatu."

"Aisee. Pesa za pochi moja zinapita kwa mpangilio, ya kwanza kwanza. Hiyo ya tatu hata ukiilipia dhahabu haiwezi kuiruka ya kwanza yako mwenyewe. Ungeongeza ada kwenye ile ya kwanza, ndugu yangu, siyo kutuma nyingine nyuma yake."

Abel alijaribu kuipandishia ada ile ya kwanza. Kufikia hapo bei ilikuwa imepaa tena, na kilichobaki kwenye pochi kwa ajili ya ada hakikutosha. Eliya akasema atarusha nyingine. Ile nayo ikaingia kwenye foleni.

Maganga, mkuu wa wachimbaji wake, alitoka shimoni akiwa na tope mpaka kifuani.

"Mama, matimba yanalia."

"Yanalia vipi?"

"Kama mlango mbovu. Yale ya mashariki."

Upande wa mashariki ndiko ulikokuwa mkanda. Theopista alisimama. "Toa watu wote."

"Tukipata saa moja tu, pampu ikiwa njiani…"

"Haiko njiani. Toa watu, Maganga! Mkifia humo nitawaambia nini wake zenu? Kwamba mtandao ulijaa?"

Walitoka mmoja mmoja kwa kamba. Aliwahesabu kwa majina, si kwa idadi, na wa mwisho alipotoka alimwamuru akae mbali na mdomo wa shimo. Hapakuwa na kingine cha kuamuru. Ndoo zilikuwa juu, watu walikuwa juu, maji yalikuwa chini yakifanya kazi yao. Samwel alikuja akasimama pembeni yake, na wachimbaji wa maduara mengine wakaja pia, kama watu wanaokuja kwenye msiba kabla haujatangazwa.

Duara halikuanguka kwa kishindo. Udongo uliketi taratibu upande wa mashariki. Winchi ya kuvutia ndoo iliinama, ikasita, ikaingia kichwa chini pamoja na kamba yake. Mdomo wa shimo ukapanuka mpaka ukawa kama dimbwi la kawaida, linaloweza kunywesha ng'ombe. Kipande kimoja cha timba kilielea juu, kikiwa bado na gome.

Watu walimpa pole kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Aliitikia zote.

Simu ililia mkononi mwa Nelly jua likiwa bado juu. Alikuwa Eliya, na alikuwa akipiga kelele kwa furaha. "Zimepita! Zimefuatana zote tatu. Mama, umenilipa mara tatu, sasa usiogope, mimi siyo mwizi, hizo mbili nitakurudishia, ila tusubiri ada ishuke kwanza. Na bahati nzuri pampu bado ipo! Yule wa Geita naye alikuwa analipa kwa njia hii hii, amekwama mpaka sasa. Nilipie?"

Nelly alimtazama mama yake.

"Eliya," alisema Theopista, "hiyo pampu inavuta udongo?"

"Hapana, mama. Hiyo ni ya maji."

"Basi mwachie wa Geita."

Eliya alianza kusema pole, lakini Nelly alikuwa ameshakata simu.

Watu walitawanyika kurudi kwenye maji yao. Maganga aliwaongoza wachimbaji kwenda kutafuta kibarua kwa Samwel, na Theopista aliwaambia wafanye hivyo. Mwenyewe alibaki kwenye benchi la mbao ambalo wachimbaji hukalia wakila, akilitazama lile timba likizunguka. Abel alikuja akasimama mwisho wa benchi. Alisimama muda mrefu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu amwoe Nelly, alimwambia mama mkwe wake neno bila kulipitisha kwa mtu.

"Mama, uliposema nitume tena, nilijua haitasaidia."

Theopista hakugeuka. "Ulijua?"

"Nilijua ingekaa nyuma ya ile ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

Abel aliangalia viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vyeupe kwa tope lililokauka. "Ningekubishia vipi, mama?"

Theopista alikuwa na majibu mengi ya kumpa, na kwenye karasha angeyatoa yote, kwa sauti, mbele ya watu. Lakini huyu hakuwa mtu wa mchanga. Alikuwa mkwe wake, na alifanya kila alichofundishwa kufanya mbele yake. Kile kitu kingine, kilichojaza mstari tangu asubuhi, hakikuwa na uso wa kutazama wala kwao kwa kutukana.

Alisogea kidogo kwenye benchi.

"Nelly," alisema, "mwambie mumeo akae. Amesimama tangu asubuhi."

"Mama anasema ukae," alisema Nelly.

Abel alikuwa amesikia. Alishukuru kwa sauti ndogo, akabaki amesimama.