Msichana wa Mazoezi ya Pumzi

Mume wangu hajawahi kunitii kwa jambo lolote. Miaka ishirini na sita nimemwambia avae gambuti akienda kuchuna majani chai asubuhi, na bado anaenda na ndara. Kwa hiyo siku ile hospitalini, nilipomwona amekaa wima kitandani akimsikiliza msichana wa rika la binti yetu wa pili, niliona wivu mpaka nikatafuta kiti.

Walikuwa wamemtoa maji kifuani, chupa nzima na zaidi, na mrija ulikuwa umetolewa ubavuni asubuhi hiyo. Daktari alisema pafu la kulia limejikunja kwa kubanwa na maji; lisipofunguka, atapasuliwa. Kulifungua ndiyo ilikuwa kazi ya msichana huyo.

"Mzee, vuta pumzi na mapua. Shikilia. Sasa achilia pole pole, kama unapoza chai."

Akapoza! Mtu ambaye nyumbani hunywa chai ikitoka jikoni na kulalamika kuwa imepoa. Msichana akamkumbatisha mto, akamwambia akohoe, akakohoa. Kisha akaweka kiganja chake pale ubavuni, mahali ambapo mimi nikigusa naambiwa, "Wacha, inauma." Mkono wake haukuuma.

Tulirudi nyumbani na kidude cha plastiki chenye mipira mitatu midogo. Alitakiwa kuvuta pumzi kwacho hadi mipira ipande, mara kumi kila saa, na kutembea kila siku. Siku nzima ikawa daktari alisema hivi, daktari alisema vile.

"Huyo msichana si daktari," nikamwambia.

Siku ya pili nilikificha kidude juu ya kabati, nyuma ya sufuria za wageni. Alipokiulizia, nikasema msichana amepiga simu, ameagiza apumzike kwanza. Uongo mtupu. Lakini nani angeshuku? Kwetu mgonjwa hulazwa, akafunikwa, akaletewa supu na maziwa ya mursik, na watu wa kanisa wakija kumwombea wamkute kitandani. Mgonjwa anayezungukazunguka kwenye majani chai, majirani huuliza kama kweli aliugua. Nilimfunika blanketi mbili. Nilimlisha kwa mkono wangu, naye akakubali. Nilifurahi, sitaficha. Kwa siku kumi alikuwa wangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya kumi na mbili alishindwa kufika kwa zizi la ng'ombe bila kushikilia ua, akihema, midomo imepauka. Tukarudi hospitali, akapigwa picha ya kifua.

"Mzee, umekuwa ukifanya mazoezi mara ngapi kwa siku?" msichana akauliza.

"Si wewe ulipiga simu ukasema nipumzike?"

Akanitazama. Nikatazama sakafu, nikingoja aibu yangu.

"Pole, mzee," akasema. "Pengine sikueleza vizuri."

Ningependa anitukane. Angalau ningepata sababu ya kumchukia. Badala yake aliniita, akachukua mikono yangu, akaiweka kwenye mbavu za mume wangu, mmoja kushoto, mmoja kulia.

"Avute, halafu usikie, mama."

Kushoto kulipanda. Kulia kulikaa tu kama ukuta. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba zimebaki wiki mbili kabla ya picha nyingine ya kifua, na picha ikitoka kama ile ya leo, ni kisu. Mimi ndiye niliyemlaza kwenye hizo blanketi.

"Nyumbani hii kazi ni yako, mama," akasema, akarudi nyuma hatua moja.

Mume wangu akafumba macho, akavuta kwa nguvu, jasho likimtoka. Upande wa kulia ukasukuma kiganja changu, kidogo sana. Akafumbua macho, akamtazama msichana, aone kama amefanya vizuri.

Wivu ukanichoma palepale. Mkono sikuutoa.

"Tena," nikamwambia.