Mgongo wa Jaladani

Fundi cherehani mmoja, mjane, hushona magauni ya kizamani, yanayovaliwa kwenye picha za majalada ya riwaya za karne ya kumi na tisa. Siku moja mwanamitindo hakutokea, mpiga picha akamvisha yeye.

"Geuka, mama, tupe mgongo. Uso hauna kazi hapa."

Tangu hapo, kila riwaya ya enzi hizo ikichapishwa upya, mgongo jaladani ni wake: mara yuko dirishani, mara anatoka mlangoni pa jumba, anakwenda zake. Majalada kayabandika chumbani, maana tangu mumewe afariki kuta zilimtisha kwa utupu. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, cherehani?

Jumapili binti yake akapiga simu kutoka ng'ambo, mbiombio kama kawaida yake.

"Mama, nimeagiza riwaya moja ya kale, inatoka upya mwezi ujao. Jalada zuri, ila huyo mwanamke ana maringo! Kawapa watu mgongo, hata kugeuka hataki."

Mama akautazama ukuta wake.

"Labda hajaitwa, mwanangu."